Biashara wana maktaba yao, na mimi simu ninayo: kuna haja ya kwenda?

SWALI: Shikamoo. Ninasoma shahada ya uhasibu hapa Dodoma, mwaka wa pili. Chuo chetu kina maktaba kuu, halafu watu wa biashara wana yao peke yao. Mwalimu anatusukuma twende huko, ila mimi nikienda naona vitabu vya zamani na wenzangu wanapiga msuli kwa madesa waliyokuja nayo mkononi. Naomba kujua: maktaba ya namna hii ilianzia wapi? Kwa nini biashara wawe na yao? Na itanisaidia nini wakati simu ninayo? La mwisho, nikihitimu nitaruhusiwa kuingia?

JIBU: Marahaba. Ulichokiona ni kweli, sitakubishia. Siku ya kawaida katika maktaba nyingi za vyuo vyetu vya biashara, wengi waliokaa mezani wamefuata kiti, utulivu na soketi ya kuchajia simu. Hosteli kuna kelele, nani atawalaumu? Ila hali hiyo ina historia yake, na nikikueleza maktaba hizi zilizaliwaje utaona ni wapi za kwetu zilipokatia njia ya mkato.

Biashara ilichelewa sana kuingia chuo kikuu. Sheria, utabibu na elimu ya dini vilikuwa vimekaa huko karne nyingi, wakati mfanyabiashara alikuwa bado anajifunzia dukani kwa baba yake au kwa tajiri wake. Paris walifungua shule ya biashara mwaka 1819. Marekani, shule ya Wharton ilianza ndani ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1881, Wajerumani wakafungua yao Leipzig mwaka 1898, Harvard wakafuata mwaka 1908. Walimu wa mwanzo walikutana na tatizo ambalo mwalimu wa sheria hakuwa nalo: tufundishie nini? Mwanasheria ana hukumu za miaka mia tatu. Mwalimu wa biashara alikuwa na vitabu vichache vya utunzaji wa daftari, basi.

Wakaanza kukusanya makaratasi ya wafanyabiashara wenyewe. Maktaba ya Baker pale Harvard, iliyofunguliwa mwaka 1927, ndiyo mfano unaojulikana kuliko yote. Fedha za majengo ya shule ile zilitoka kwa mwenye benki mmoja, George F. Baker, aliyetoa dola milioni 5 mwaka 1924. Ndani yake zimo hati za ukoo wa Medici wa Florence, wenye benki na wauza sufu wa karne za nyuma, zilizotolewa na Selfridge, yule mwenye duka kubwa la London. Yamo pia mabuku 2,580 ya kampuni ya R.G. Dun, na hapa naomba tukae kidogo, maana wewe ni mhasibu na jambo hili litakugusa.

Mwaka 1841 huko New York ilianzishwa wakala wa kuuza taarifa za watu wanaokopa, ndiyo iliyokuja kuwa R.G. Dun. Mwuzaji wa jumla wa mjini alitaka kujua kama mwenye duka aliye umbali wa siku kadhaa ni mtu wa kukopeshwa mali. Basi wakala akawa na watu wake kila mji, aghalabu mawakili, wakimwandikia kwa siri: fulani ana nyumba yake, analipa kwa wakati, siku hizi anakunywa, amechukua duka la mkwewe. Makarani wakanakili yote hayo kwa mkono kwenye mabuku makubwa, mji kwa mji, jina kwa jina. Yule ndiye babu wa taasisi za taarifa za mikopo ambazo benki ya hapa mjini inaziuliza habari zako kabla ya kukupa mkopo. Mwanafunzi akiyafungua mabuku yale anaona jinsi maneno ya jirani yanavyoweza kumfungia mtu mlango wa mtaji. Somo hilo hulipati kwenye sura ya kwanza ya kitabu cha usimamizi wa fedha.

Kuanzia miaka ya 1920 shule ileile ikajenga ufundishaji wake juu ya mikasa halisi ya makampuni. Mwanafunzi anapewa hesabu, barua na shida iliyomkuta meneja, anaambiwa aamue. Huwezi kufundisha hivyo bila mtu wa kutafuta karatasi hizo, kuzipanga na kuzitunza, kwa hiyo mkutubi alikuwa ndani ya ufundishaji tangu mwanzo. Ndiyo maana biashara wakawa na maktaba yao.

Sasa njoo kwetu. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba nchini ilipitishwa mwaka 1963, na mwaka 1965 kikaanzishwa Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, Dar es Salaam. Nchi ilikuwa imepata uhuru juzi tu, na biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa wageni na wenye asili ya Asia. Serikali ilitaka Waafrika wanaojua kuagiza mali, kuuza na kuandika hesabu. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, mabenki na makampuni makubwa yakataifishwa, na ghafla mashirika ya umma yakahitaji wahasibu kwa wingi na kwa haraka. Tazama mwaka 1972 peke yake: Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Chuo cha Maendeleo ya Uongozi kule Mzumbe, na sheria ya kuunda bodi ya wahasibu, NBAA. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa na kitivo chake cha biashara na menejimenti mwaka 1979. Hapa Dodoma, CBE ilifungua kampasi mwaka 1983, kisha mwaka 2007 ukawa mwaka wa neema: Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kikaanza kule Chimwaga, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kikaanza kwenye majengo ya iliyokuwa sekondari ya Mazengo.

Ukiisoma mfululizo hiyo historia utaona kitu. Vyuo vyetu vilizaliwa na haraka ya kuzalisha wataalamu, na maktaba zikajazwa kwa haraka hiyohiyo: nakala kumi au ishirini za kitabu kilekile cha uhasibu cha Kiingereza, ili darasa zima lipate na lifaulu mtihani. Ilikuwa busara kwa wakati ule. Halafu ikaja miaka ya 1980, fedha za kigeni hakuna, majarida ya nje yakakatika, rafu zikawa zinangoja msaada. Na vitabu vya msaada, mimi nitakuambia bila haya, vingine ni mzigo. Kitabu cha kodi ya mapato ya Marekani, jalada gumu, kurasa elfu moja, kinamsaidia nini mtu anayetaka kujua Sura ya 332 ya sheria zetu, yaani Sheria ya Kodi ya Mapato? Kimekaa pale kwa sababu hakuna aliyethubutu kukitoa, na wewe umekikuta ukadhani ndiyo maktaba yenyewe. Karatasi za biashara zetu wenyewe, zile ambazo wenzetu walianza nazo, sisi hatukuzikusanya.

Swali lako la pili nitalijibu kwa ufupi. Kwa nini wawe na yao? Sababu moja ni miguu: kwenye chuo kama UDOM vitengo vimetapakaa vilimani, na hakuna mwanafunzi atakayetembea jua la saa saba kwenda kuangalia ukurasa mmoja. Nyingine ni kwamba maarifa ya biashara yanachacha upesi, yanahitaji mtu anayeyafuatilia yeye tu. Mkutubi wa maktaba kuu ana fasihi, fizikia na uuguzi mikononi mwake. Huyu wa biashara anatakiwa ajue kwamba tarehe 1 Julai kila mwaka Sheria ya Fedha mpya inaanza kutumika na baadhi ya vitabu vyake vimezeeka usiku huo.

Hilo la kuzeeka ndilo unalolalamikia, na unalielewa nusu. Chukua upangishaji. Tuseme kampuni imepanga ofisi kwa miaka mitano, kodi shilingi milioni 12 kwa mwaka, inalipwa mwisho wa kila mwaka. Ukisoma toleo la zamani lenye IAS 17, kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha wakati ule, upangishaji wa kawaida wa namna hiyo unaonekana kwenye gharama tu, milioni 12 kila mwaka, na kwenye mizania hakuna deni lolote. Tangu tarehe 1 Januari 2019, chini ya IFRS 16, kiwango kilichochukua nafasi yake, kampuni hiyohiyo inatakiwa ionyeshe deni na haki ya kutumia jengo. Kwa riba ya asilimia 10, deni hilo siku ya kwanza ni kama milioni 45.5. Upangishaji wa miezi 12 au pungufu, na wa vitu vya thamani ndogo, unaweza kuachwa nje. Ukijibu mtihani kwa kitabu cha rafu ya chini bila kuangalia mwaka wa toleo, umeficha milioni 45 na msahihishaji hatakuonea huruma. Kwa hiyo fungua nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, tazama mwaka, ndipo uazime.

Lakini usiseme cha zamani kitupwe. NBAA ilipokea viwango vya kimataifa kuanzia Julai 2004. Ukitaka kulinganisha hesabu za shirika la miaka ya 1990 na za leo, utazielewaje bila kitabu cha wakati ule? Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ilipoanza nchini mwaka 1998 ilikuwa asilimia 20, ikashushwa kuwa 18 mwaka 2009. Mkaguzi au wakili mwenye shauri la kodi la mwaka 2007 anataka sheria ilivyokuwa mwaka 2007, na hiyo ya leo haimsaidii. Maktaba ya biashara inayojiheshimu inaweka sheria zilizofutwa mahali pake, imezipiga alama, na inaziacha zikae.

Kuhusu simu. Simu inakupa mengi, na mengine ya bure kabisa: ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, taarifa za uchumi za kila mwezi za Benki Kuu, majarida ya Afrika kupitia AJOL, tovuti iliyoanza mwaka 1998. Yachukue. Kinachokukwama ni ule ukurasa unaokudai dola 35 kwa makala moja. Hapo wengi hufunga na kurudi kwenye madesa, kumbe makala hiyo huenda chuo kimeshailipia. Vyuo vya Tanzania vina ushirika wao, COTUL, wa kugharamia majarida kwa pamoja, na nchi yetu imo katika Research4Life, inayofungua maelfu ya majarida bure au kwa bei ndogo kwa vyuo vilivyojiandikisha. Kwa kawaida mfumo unakutambua kwa mtandao wa chuo, kwa hiyo ukitumia bando lako la mtaani unaonekana mgeni. Nenda kaunta, omba neno la siri la kutumia ukiwa nje ya kampasi. Inachukua dakika tano, na wapo wanaohitimu bila kuliomba hata mara moja.

Jambo jingine la siku hizi: wanafunzi wanaleta kaunta orodha ya makala walizopewa na programu za kujibu maswali. Jina la mwandishi lipo, la jarida lipo, mwaka na kurasa zipo, ila makala yenyewe haipo duniani. Mkutubi anaijua dakika ya pili. Afadhali ikugundulikie kwake kuliko mbele ya msimamizi wako.

Tena kuna namna ya kumwuliza mkutubi. Ukimwambia "naomba vitabu vya masoko", atakuelekeza rafu ya namba 658.8 na utajitafutia mwenyewe. Ukimwambia "nataka kujua bei ya mahindi soko la Kibaigwa imekwendaje kwa miaka mitano, na nani anaandika", umempa kazi ya kweli. Atafikiria wizara, atafikiria NBS, atafikiria halmashauri ya Kongwa, atakumbuka kwamba mwaka juzi kuna mtu aliandika tasnifu kuhusu wafanyabiashara wa pale, na ataijua iko kabati gani. Hiyo ndiyo kazi aliyosomea. Namba nyingine za kukariri: uhasibu 657, benki na fedha 332, kodi na fedha za umma 336. Kama maktaba yenu inatumia mpangilio wa herufi, uhasibu uko HF, fedha HG, fedha za umma HJ. Na vile vitabu vinavyogombaniwa karibu na mitihani mara nyingi vimewekwa nyuma ya kaunta, unapewa kwa saa chache kwa kitambulisho. Usipouliza utadhani havipo.

Niseme sasa lile linalonikera. Dodoma ni mahali pazuri mno pa kuwa na maktaba ya biashara, na hatupatumii. Bunge liko hapa, na ripoti ya CAG inawasilishwa humo kila mwaka. NBS iko hapa, wizara ziko hapa. Upande wa pili kuna zabibu za Hombolo na Mpunguzi, alizeti ya Singida, mahindi ya Kibaigwa, mnada wa ng'ombe kila wilaya. Halafu mwanafunzi wetu anafundishwa maamuzi ya uwekezaji kwa mfano wa kampuni ya vinywaji ya Atlanta.

Kongwa hapo jirani lilitokea anguko la uwekezaji ambalo dunia nzima inalisoma. Serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilitangaza mwaka 1947 mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu za Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa Tanganyika, kwa makadirio ya pauni milioni 25. Wakaleta matrekta, mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu na vichaka vikawashinda, udongo ukikauka unakuwa kama saruji, na mvua, Mgogo yeyote angewaambia, haina ratiba. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Yamo yote humo: upembuzi wa haraka, bajeti isiyo na akiba ya tahadhari, mashine zisizo na vipuri, wakubwa wasiotaka kusikia habari mbaya. Mpango wenyewe ulichapishwa na serikali ya Uingereza kama karatasi rasmi, na mijadala ya bunge lao inasomeka bure mtandaoni. Ningefurahi kuona maktaba ya biashara ya Dodoma ikiwa na kabati la Kongwa, pamoja na masimulizi ya wazee waliofanya kazi pale kabla hawajaisha.

Na si lazima kungoja wafadhili. Kila mwaka wanafunzi wa biashara wanakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, wanarudi na ripoti: stoo ya halmashauri inavyofanya kazi, chama cha ushirika cha mazao kinavyoandika mizania yake, SACCOS inavyofuatilia wadaiwa. Ripoti hizo zinasahihishwa, zinapewa alama, halafu zinafungwa kwa kamba na kurundikwa kwenye chumba chenye mchwa. Zikichujwa siri za watu, zikapigwa skani na kuwekwa kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, baada ya miaka kumi mtafiti kutoka popote atalazimika kuja kwenu. Vivyo hivyo ripoti za mwaka za makampuni. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998 na kampuni moja, TOL, watengenezaji wa gesi. Jaribu leo kutafuta mtandaoni ripoti za miaka ile ya mwanzo. Kampuni inabadilisha tovuti, inabadilisha mwenye mali, faili zinapotea. Mkutubi aliyepakua na kuhifadhi kila mwaka ndiye atakayekuwa nazo.

Kwa hiyo ukiwa unawaza mada ya utafiti wa mwaka wa tatu, usianze na mada ya kunakili ya "mchango wa mikopo kwa wajasiriamali wadogo", ambayo msimamizi wako ameshaisoma mara hamsini. Nenda uone kwanza maktaba ina karatasi gani za hapa, ndipo uamue swali.

La mwisho lako, kuhusu kuingia baada ya kuhitimu. Inategemea utaratibu wa chuo. Vingi vinamruhusu mhitimu na mtu wa nje kusomea ndani kwa kitambulisho na pengine ada ndogo, bila kuazima, na majarida ya kulipia hufungwa siku jina lako linapotoka kwenye orodha ya wanafunzi. Pakua mapema yale unayoyahitaji kwa mitihani ya NBAA, kwa kiasi kinachoruhusiwa. Utakapopeleka fomu ya kumaliza ili maktaba wagonge muhuri kwamba hudaiwi kitabu, uliza hapohapo kuhusu kadi ya mhitimu, maana afisa anayehusika ndiye huyo aliye mbele yako. Ukikosa, Maktaba ya Mkoa hapa mjini, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, inapokea kila mtu.